Mtani Wangu na Mzee Ushuru

Mwaka ule tulikula ugali mchungu. Mvua ilikataa kukatika hata baada ya Pasaka, mahindi yakaota yangali kwenye mabua, na watu wakayavuna hivyo hivyo kwa sababu hakukuwa na mengine. Ugali wake ulinuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo, na ukiumeza unakukwaruza koo. Kitoweo kilikuwa kapenta, wale dagaa wa Zambia, na aliyekosa kapenta alikula chikanda. Wa mbali wasioijua niwaambie: ni viazi vidogo vya porini, vinachimbwa kwenye majani ya milima ya Ileje, vinaanikwa, vinatwangwa, vinapikwa na karanga, pilipili na magadi mpaka vishikamane, halafu unakata vipande kama maini. Wazambia wanaipenda kuliko nyama. Mwaka ule na sisi wa Tunduma tuliifanya nyama, na mpishi nilikuwa mimi, kwa hiyo mtu akiniambia haukumbuki mwaka huo namwambia basi wewe hukula kwangu.

Naukumbuka sasa kwa sababu Gidioni amekufa. Kabla hawajamweka chini, watu wake walikuja hapa kwangu Mbozi kuniomba nikamtanie. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za babu zao na babu zetu, na kwetu sisi maiti mwenye watani hazikwi kimya. Mtani anatakiwa aje aingie kwenye kaburi lililochimbwa, alale humo, aseme shimo hili ni langu, huyo mwizi wenu mtafutieni lingine, mpaka wafiwa wacheke na wampe kitu ndipo atoke. Nimewafanyia hivyo watu wengi wa ukoo ule. Nimelala kwenye makaburi yao mpaka gauni langu la msibani likabadilika rangi. Wenyewe wanasema hakuna mtani kama mimi, na ni kweli, hakuna. Nitasema nilichowajibu, lakini kwanza niuseme mwaka wenyewe, maana waliokuja waliniangalia kama bibi aliyeshikwa na hasira za uzee, na hasira yangu haina uzee wowote. Niliipata nikiwa msichana.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, karibu kabisa na mpaka, kwenye nyumba ya matofali mabichi ambayo vyumba vyake vilifuatana kama mabehewa. Chumba cha mbele alimpangisha Mzambia mmoja tuliyemwita Ba Mulenga, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na Ba Mulenga akaweka humo tivii na mashine ya gemu, vijana wakawa wanamlipa ili wacheze. Dirishani alitundika blanketi ili picha ionekane vizuri. Mle ndani kulikuwa na joto la watu, jasho la vijana waliotoka kusukuma mikokoteni, na vumbi la tivii lililoungua. Jiko langu la mkaa lilikuwa kwenye korido, upande wa pili wa pazia, kwa hiyo mimi nilikuwa natwanga karanga huku nasikia kila kitu. Nilisikia mengi. "Umenipiga mgongoni." "Na wewe umesimama njiani kama ng'ombe wa mchungaji." "Toka hapo, unacheza kama unafua." Umeme ulitoka Zambia, na ulipokatika waliitukana serikali ya watu mpaka Ba Mulenga anawaambia kwa adabu ya kwao, "Polepole, mukwai, wasije wakasikia wakaukata moja kwa moja."

Jina la gemu hakuna aliyelijua. Maandishi yake yalikuwa ya huko Uchina au Japani, na hata yangekuwa ya Kiswahili mimi niliishia darasa la nne. Walikuwa watu wa chuma wawili, maroboti, mmoja mwekundu na mwingine wa bluu. Mwanzoni wanasukumana kwenye lango la mji, kila mmoja anataka awe yeye mlinzi. Kisha linakuja dude kubwa la chuma, linaubomoa mji, na wale wawili wanaondoka kulifuata huku bado wamenuniana. Wanaruka mashimo ya moto, wanapanda ngazi, wanapigana na vidude vidogo vidogo, wanaokota silaha. Dude lenyewe likikupata linakunyang'anya kila ulichobeba, na ndiyo maana vijana, ambao kazi yao ilikuwa kuvusha mizigo ya watu mpakani, walilibatiza Mzee Ushuru. Sasa kilichowashinda wote ni hiki: picha haikusogea mpaka maroboti yote mawili yafike ukingoni. Ukimwacha mwenzako nyuma umekwama. Na risasi ya mmoja ilimuumiza mwingine. Wakaingia wawili wawili kama mafahali, wakauana wenyewe kabla hata Mzee Ushuru hajawaona, wakatoka wakitukanana ukoo kwa ukoo. Ba Mulenga alikuwa anawaangalia huku anatafuna chikanda yangu na kucheka bila sauti.

Katikati ya mwaka akatangaza kwamba anahamia Ndola na mashine hii hataibeba. Atakayeimaliza ni yake, pamoja na tivii. Lakini akasema alivyoambiwa na aliyemuuzia: Mzee Ushuru akianguka, wale wawili wanasimama uso kwa uso juu ya ukuta wa mji, na anabaki mmoja. "Atakayebaki amesimama," akasema, "huyo ndiye." Vijana wakapiga meza. Mimi kwenye korido nikaacha kutwanga. Shangazi alikuwa ameshakula mahari ya kahawa ya mgane mmoja wa huku Mbozi, mtu mzima mwenye watoto wanaonizidi umri, na niliwasikia kwa masikio yangu yeye na mume wake wakisema baada ya mavuno nitapelekwa. Nikajua kwamba mwenye mashine ana hela ya kodi ya chumba, na mwenye chumba hapelekwi mahali. Niliitaka ile mashine kuliko nilivyowahi kumtaka mwanaume yeyote, kabla yake na baada yake.

Kucheza nilishajua. Asubuhi nilikuwa nafagia chumba kabla vijana hawajaja, na Ba Mulenga alikuwa anapenda kuijaribu mashine kama imeamka salama, basi akanipa padi, kile kidude cha kushika mikononi, tucheze wote. Yeye vidole vyake vilikuwa vinene, anabonyeza viwili kwa mpigo. Mimi nilikuwa nimezoea kuchambua mawe kwenye karanga. Siku vijana waliponiona mara ya kwanza nimekaa benchi la mbele, mmoja akasema mwanamke akishika padi mashine inapata homa. Gidioni ndiye aliyemjibu. Alikuwa kijana wa mkokoteni, Mnamwanga mrefu mwenye meno mazuri, na alijua mimi ni wa ukoo gani. "Mwache," akasema, "huyu ni mtani wangu. Ukoo wao wanazaliwa macho yamefumba kama vitoto vya panya, mwacheni apapase." Nikamwambia, "Na ninyi mnazaliwa ngumi zimefumba, mnazifungua mkiona cha mtu." Chumba kizima kikacheka. Akaja akakaa kando yangu, akachukua padi ya Mwekundu, mimi nikabaki na Bluu, na hatukubadilishana tena.

Mwanzoni tuliuana kama wengine. Alinipiga risasi mgongoni akasema nzi alikaa hapo. Mimi nikamwacha nyuma shimoni nikamwambia apige kelele, mjomba wake atakuja na kamba. Lakini katikati ya matusi tukajifunza. Nikagundua kwamba nikipiga hodi kwa goti langu kwenye goti lake anaruka, na yeye akigundua nimesita anarudi nyuma nusu hatua kunipa nafasi. Tukawa hatusemi. Wengine walikuwa wanacheza kwa mdomo, sisi tulicheza kwa magoti. Wajukuu zangu wanacheza hayo mambo kwenye simu sasa, kila mmoja amelala pembeni yake na mwanga usoni, na wananiambia wanacheza na mtu wa Ulaya. Nawauliza, goti lake liko wapi? Wanacheka. Watu watasema nilimpenda. Waseme. Nilipenda kucheza naye, na hicho ni kitu kingine, na kwangu kilikuwa kikubwa zaidi.

Sasa niwaeleze sheria, maana hapa ndipo nilipoanguka. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua chako hudai. Ukikasirika unatozwa kuku, na kuku huyo analiwa na yule aliyekukasirisha. Na kwa kuwa watani hawajuani lini wanasema kweli, neno la kweli kati yao lazima lisemwe mbele ya mtu wa tatu ambaye si mtani wa yeyote. Bila huyo, hata mkisema mkilia, ni utani. Kila mtoto wa kwetu anajua hivyo. Nami nilijua.

Alikuja jikoni jioni moja, mvua inapiga bati, akakaa juu ya kinu changu nilichokilaza. Nilimkatia kipande cha chikanda cha katikati, palipo laini. Nikamwambia habari za mgane wa Mbozi. Sikumwambia nikilia, nilimwambia kama ninavyowaambia ninyi. Akaacha kutafuna.

"Tukimwangusha Mzee Ushuru," nikasema, "tukifika ukutani, tuweke padi chini. Wote. Tusimame tu. Ba Mulenga atakosa wa kumpa, atatupa sisi wote."

"Chumba tushike pamoja?"

"Wewe usimamie mashine, mimi nipike. Mbele yako, nyuma yangu."

"Na ukichoma karanga?"

"Gidioni. Bila utani."

Akaniangalia. Mkononi alikuwa bado ameshika kile kipande. "Bila utani," akasema, "naweka padi chini."

Shangazi alikuwa chumba cha tatu. Si mtani wa Gidioni, alishaolewa kwenye ukoo mwingine, lakini ni damu yangu, asingefaa kuwa shahidi. Mama Tatu jirani yetu, Mndali wa Ileje aliyekuwa analeta viazi vya chikanda, alikuwa anaegemea mlango wa nje akisubiri mvua ipungue. Ningemwita tu, "Mama Tatu, njoo usikie." Sikumwita. Kumwita mtu wa tatu ni kumwambia mwenzako sikuamini, na mimi goti lake nilikuwa naliamini.

Tulimwangusha Mzee Ushuru mchana wa Jumamosi, chumba kimejaa mpaka watu wamekaa juu ya dirisha. Nilijiweka mbele yake nikaacha aninyang'anye silaha zote, moja baada ya nyingine, na alipokuwa ananinyang'anya, Mwekundu akapanda bega lake na kumpiga jicho. Hiyo ilikuwa akili yangu. Dude likapasuka vipande, muziki ukanyamaza, na watu wote wakainama mbele kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kinachofuata. Mara maroboti mawili yakasimama juu ya ukuta, yanatazamana, na nyuma yao mji umejengwa upya. Nikaweka padi chini. Niliiweka sakafuni kabisa, kwenye gunia, nikageuza uso nimtazame Gidioni, kwa furaha.

Hakuweka. Macho yake yalikuwa kwenye tivii. Akapiga. Ingekuwa risasi moja ningesema kidole kimeteleza. Haikuwa moja. Lile roboti la bluu lilikuwa na uhai mwingi, nililitunza vizuri, na alilazimika kupiga, na kupiga, na kupiga, na lenyewe limesimama mikono chini. Muda wa kuokota padi nilikuwa nao. Ningeokota ningemwangusha, maana uso kwa uso alikuwa hanishindi, kila mtu Tunduma alijua. Sikuokota. Nilikuwa namngoja aache.

Watu wakapiga kelele mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakasikia. Wakambeba. Ba Mulenga akamnyanyua mkono juu. Na Gidioni, akiwa mabegani mwa watu, akaniona bado nimekaa, akacheka na yale meno yake akasema, "Utani huo, mtani wangu." Chumba kikacheka upya. Nikasimama nikamtukana. Sikumtukana kwa utani. Nilimtukana tusi la kweli, na kila mtu alisikia tofauti yake, na kicheko kikakatika.

Mume wa shangazi akaita wazee wawili. Walikaa sebuleni kwenye viti vya kamba, wakanywa togwa. Nikasema yote. Mzee mmoja, mtu mpole, mzee wa kanisa, akaniuliza, "Mlikubaliana mbele ya nani?"

"Sisi wawili."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

"Mwanangu," akasema, na nilimwona anajizuia asitabasamu, "basi huo ni utani. Na huyu mwenzako ameutania vizuri kweli kweli."

Gidioni alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kusema neno moja. Wangemwamini, maana neno la aliyefaidika likienda kinyume chake halihitaji shahidi. Aliangalia miguu yake. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekasirikia utani, na mimi ndiye niliyetozwa. Shangazi akatoa kuku wake mweusi, akanipa kisu. Nilimchinja, nikamnyonyoa, nikamuunga kwa karanga kwa sababu nilikuwa sijui kupika vibaya, nikampelekea kule chumba cha mbele, chumba chake sasa, akiwa amekaa na wenzake chini ya tivii yake. Nikanawisha mikono ya watu. Nikamnawisha na yeye. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kwenye maji, nilivihisi. Akala. Akasema, "Mtani, kuku ni mtamu, kasirika tena kesho." Na ninyi mnaosoma mtaniambia alikuwa na aibu, ndiyo maana alitania. Najua alikuwa na aibu. Nilimnawisha mimi. Aibu yake ilimpa mashine, mimi ilinipa nini?

Baada ya mavuno yale machungu nililetwa huku Mbozi. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu niliyemchagua. Nimemzalia, nimemzika, kahawa yake nimeilima mpaka ikawa yangu, na wajukuu wangu wote wanasoma, hata wa kike, hasa wa kike. Sijakaa miaka yote hii nalia kwa ajili ya tivii. Gidioni kutoka kwenye mashine ile alipata ya pili, akapata duka, akauza saruji na mabati, akajenga. Na popote tulipokutana, sokoni, harusini, hata kwenye mkutano wa kwaya pale Mbozi Mission, alikuwa anapaza sauti kutoka mbali: "Mtani, weka padi chini." Watu walicheka, hata wasiojua maana yake. Nami nilitakiwa nijibu utani kwa utani, na nilijibu, na nilijibu vizuri kumshinda, maana mimi si mtu wa kushindwa mdomo. Lakini nilielewa anachofanya. Kila alipolisema mbele za watu alilifanya utani kwa mara nyingine, ili lisije likawa kosa. Kosa linaombewa msamaha. Utani hauombewi.

Mjukuu wangu mkubwa, aliye chuo, nilimsimulia akasema, "Bibi, lakini adui yenu si alikuwa huyo Ba Mulenga? Aliwagombanisha mwaka mzima akaondoka na hela za wote." Labda. Wasomi wanaona mbali. Lakini Ba Mulenga hakukaa juu ya kinu changu akaniambia bila utani.

Nilimpa nafasi mara moja tu. Mwaka jana alilazwa, nikaenda kumwona, nimebeba ndizi. Alikuwa amekonda, meno yamekuwa makubwa kuliko uso. Mke wake alikuwa ametoka kuchukua dawa na kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Hapakuwa na mtu wa kuchekesha. Akaniita kwa jina langu. "Yunisi," akasema, na hakuwahi kuniita hivyo tangu siku nilipomjua, kila siku nilikuwa mtani. Nikaweka kikapu chini. Nikangoja. Kinywa chake kilifunguka, kikafungwa, na nikaona lile neno linapanda kooni kama ugali wa mwaka ule. Halafu akasema, "Ndizi zenyewe ndizo hizi, au nzuri umekula njiani?" Nikamenya moja nikamlisha. Nikaaga.

Kwa hiyo walipokuja nilikuwa tayari nimeshamaliza kufikiri. Alikuja mdogo wake Gidioni, Mzee Osia, pamoja na mwana wa kwanza wa marehemu, Baraka, jamaa wa makamo mwenye meno yale yale. Niliwakaribisha, nikawapa chai na magimbi, nikawapa pole, kama inavyotakiwa. Mzee Osia akaeleza. Kaburi limeshachimbwa, watu wamejaa, mchungaji yupo, anangojwa mtani tu. "Marehemu mwenyewe aliacha amesema," akasema, "asilale mwingine kwenye shimo langu ila Yunisi. Alicheka aliposema."

"Alicheka," nikasema.

"Alicheka sana."

"Sina utani na yule mtu," nikamwambia. "Mkamzike kama mnavyozika watu wengine."

Mzee Osia akaweka kikombe chini. Akasema utani wa koo haukatwi na mtu mmoja. Akasema mtani hamnunii maiti, na nikinuna itabidi koo zikae. Nikamwambia zikae, viti vipo. Akasema watu watauliza, Gidioni alikosa nini mpaka azikwe bila kucheka? Nikamwambia hilo ni swali zuri, nimelingoja likiulizwa tangu nikiwa msichana, na wakiliuliza pale makaburini mbele ya watu wote, mashahidi watakuwa wa kutosha.

Yule Baraka ndiye aliyeinuka, akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu kama mtoto anayeamkia, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakutania, nitamsifu kwa hilo. "Bibi," akasema, "mimi sijui kilichotokea. Baba hakuwahi kutuambia, alikuwa anacheka tu. Kama kuna kosa, niambie niliombe mimi kwa niaba yake, hapa, mbele ya baba mdogo. Halafu uje umpumzishe mzee wetu. Tafadhali, bibi."

Nilimshika kichwa. Alikuwa mtoto mzuri, na hakuwa na deni lolote kwangu, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia kosa la mtu haliombwi na mwingine, ingekuwa rahisi hivyo baba yake angekuwa ameshamtuma siku nyingi. Akaniuliza tena kwa sauti ya chini, sasa nikawaambie nini watu kule, bibi, nikasemeje? Nikamwambia akaseme maneno yangu kama yalivyo, asipunguze wala asiongeze, na nikayarudia ili ayashike vizuri.

"Sina utani na yule mtu. Mkamzike kama mnavyozika watu wengine."